Wagema wa nchi ya theluji na mpira usiotaka kuvutwa

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana nami hapa gazetini baada ya matangazo, barua ya juma hili imetoka Iringa. Mwandishi wake ni mgema wa ulanzi. Anasema ameona kwenye kalenda ya ukutani picha ya msitu wa nchi za baridi ambamo kila mti umechomekwa mpira mwembamba wa plastiki, mpira huo umeungana na wa mti jirani, na yote inateremka mlimani mfano wa mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Anauliza mambo mawili. La kwanza, miti ile inaumwa nini? La pili, ambalo ndilo lililonifanya niichukue barua yake na kuziacha nyingine mezani: mpira mrefu namna ile waliutandaza vipi bila kukunjika, maana yeye alinunua roli moja tu la kumwagilia bustani, na likamshinda siku ya kwanza?

Miti ile haiumwi, ndugu yangu. Inagemwa. Ni miti iitwayo mepo, na inaota kaskazini-mashariki mwa Marekani na mashariki mwa Kanada. Kati ya Februari na Aprili, majira ya baridi yanapoelekea kwisha, usiku maji huganda na mchana jua huyayusha. Huko kuganda na kuyeyuka ndiko kunakouvuta na kuusukuma utomvu ndani ya shina, na ukitoboa tundu la kina cha sentimita 4 hivi, utomvu hudondoka. Haunati kama wa mpapai. Ni maji maangavu yenye sukari kiasi cha sehemu 2 katika 100, ukionja kwa haraka waweza kusema ni maji ya kisima. Yakichemshwa kwa saa nyingi huwa shira ya rangi ya kahawia, ambayo wenyeji humiminia chapati zao za asubuhi. Lita 40 za maji ya mti, lita 1 ya shira. Naomba uishike hesabu hiyo.

Mgema wetu wa mnazi shida yake ni kupanda. Wa ulanzi huko Iringa na Njombe hapandi sana, hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kutega mbeta yake. Mgema wa mepo hapandi kabisa, tundu lake liko usawa wa kifua. Taabu yake ni kubeba. Tundu moja likidondosha vizuri kwa ndoo litatoa lita 40 hivi kwa msimu mzima. Mwenye matundu 1,000, na huyo si tajiri, anapaswa kukusanya lita 40,000. Hizo ni tani 40 za maji, ndoo kwa ndoo, katika theluji inayofika magotini, kwenye mteremko, kwa majuma sita au pungufu. Wala hawezi kusema nitakusanya kesho kutwa, kwa sababu maji yale yakipata joto huchacha. Mgema yeyote analijua hilo bila kuambiwa na redio.

Waliowahi kuyagema ni wenyeji wa asili wa nchi ile, Waabenaki, Wahaudenosaunee, Waanishinaabe na wengineo, kabla Mzungu hajatia mguu. Vyombo vyao vilikuwa vya magome ya miti. Wazungu walipokuja walijifunza kwao, wakaleta masufuria ya chuma, ndoo za mbao na baadaye ndoo za bati, na farasi wa kuburuza pipa juu ya gari lisilo na magurudumu. Kwa muda mrefu hawakutengeneza shira tu bali sukari yenyewe, mabonge kwa mabonge, kwa sababu sukari ya miwa ilikuwa ghali na ilitoka mbali.

Hapa pana jambo ambalo sitaki lipite hivi hivi. Mwaka 1791 daktari mmoja wa Philadelphia, Benjamin Rush, alimwandikia Thomas Jefferson, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akiusifu mti huu. Hoja yake ilikuwa kwamba sukari ya miwa kutoka visiwa vya Karibi ililowa damu ya watumwa, ilhali sukari ya mepo yaweza kutengenezwa na mkulima mdogo, mkewe na watoto wake, katika majira ambayo shambani hakuna kazi. Wapinga utumwa wengi waliipokea hoja hiyo kwa furaha. Jefferson mwenyewe aliagiza miche akaipanda kwake Monticello, huko Virginia, na haikumpa sukari. Ikumbukwe pia kwamba Jefferson huyo huyo, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Nasi wa pwani hii tusilicheke sana jambo hilo kana kwamba ni la wenzetu peke yao. Karne moja baadaye, kando ya mto Pangani, miwa ililimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, tunayemkumbuka kwa kuwapiga Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba lake la miwa huko huko.

Ndoto ya daktari Rush haikutimia. Sukari ya miwa iliendelea kushuka bei, na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 mepo ilikuwa inabakia kuwa mti wa shira, kitu cha ladha, wala si sukari ya kila siku. Lakini hesabu ya ndani ya ndoto hiyo ndiyo inayonihusu leo. Alipohesabu kazi ya mkulima, mkewe na watoto, daktari alidhani watoto wale watakuwapo siku zote. Sukari isiyo na mtumwa nayo ilitaka mtu wa kuibeba, na watoto wale walikua wakaenda viwandani na mijini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakulima wengi waliziacha ndoo zao zikapata kutu. Miti ilikuwapo, maji yalikuwapo, mikono ndiyo ilikosekana.

Ndipo watu wakaanza kujiuliza: mlima si unateremka? Kwa nini maji yasijiteremkie yenyewe?

Wa kwanza kulifanya jambo hilo kwa bidii ya kibiashara alikuwa William Brower wa Mayfield, jimbo la New York. Mwaka 1916 alipata hataza ya mabomba membamba ya bati, yaliyoning'inizwa kwenye waya kutoka mti hadi mti mpaka kwenye tangi. Wapo walioyanunua na kuyatumia kwa miaka mingi. Lakini bati halijui kona za msituni, na bomba lenye viungo vingi lina nafasi nyingi za kuachia. Tawi moja likianguka usiku, kazi ya asubuhi ni kupanda mlima na kutafuta palipofunguka.

Baada ya vita ya pili ya dunia ikaja plastiki. Katika miaka ya 1950 watu watatu hasa walihangaika na mpira wa plastiki laini, kila mmoja kwa upande wake: Nelson Griggs wa Montpelier, Vermont, ambaye alipata hataza mwaka 1959, na George Breen na Robert Lamb, wote wa jimbo la New York. Chuo Kikuu cha Vermont kilikuwa tayari na kituo chake cha utafiti wa mepo kule Underhill, kilichoanzishwa miaka ya 1940, na wataalamu wake wakaingia kazini kupima. Je, mpira unatia ladha mbaya? Je, unaua mti? Je, maji hayataganda ndani yake? Waliridhika, na mpira ukaanza kuingia misituni, ingawa wazee wengi waliuchukia. Walisema msitu umegeuka wodi ya hospitali. Unaona, ndugu yangu wa Iringa, hukuwa wa kwanza kuliona hilo.

Lakini mpira ulikuja na tatizo lake, nalo ndilo ulilokutana nalo bustanini. Bati halikunjiki kwa sababu ni gumu. Ndoo haikunjiki. Mpira unakunjika, na unakuja dukani ukiwa umeviringishwa kama nyoka aliyelala. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa desturi kuutandaza kila msimu, na msimu ukiisha kuutoa, kuuosha, kuuviringisha tena na kuuweka ghalani. Kwa hiyo kila mwaka, kwenye baridi, mkulima alirudi kupigana na roli lile lile.

Nitakueleza siri yake kwa kitu ulicho nacho karibu. Tafuta roli la ukili, ule unaoshonewa mikeka. Lilaze chini, kisha shika ncha na kuivuta juu bila kuligusa roli. Utaona ukili unatoka ukijisokota, msokoto mmoja kamili kwa kila mzunguko mmoja wa roli. Sasa lirudishe, pitisha kijiti katikati, mwambie mwanao akishike, kisha uvute. Roli linazunguka, na ukili unatoka bapa kama ulivyosukwa. Mpira una tabia hiyo hiyo, ila kwa kuwa ni wa duara macho hayaioni misokoto. Chukua roli la mita 150, na tuseme kila mzunguko una mita 2. Hiyo ni mizunguko 75. Ukiuvuta kwa njia ya kwanza umeuingizia misokoto 75 bila kujua, na misokoto haifi. Inakimbilia mbele, inajikusanya mahali pamoja, na mara ukiukaza kidogo mpira unajipiga kitanzi na kuvunjika shingo.

Nayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa na stashahada yangu mpya ya uandishi wa habari na kiburi kilichoandamana nayo, nilitumwa uwanjani kutangaza mechi. Nilishika roli la waya wa maikrofoni na kuanza kulivuta kutoka ubavuni huku nikikimbia. Waya ukajifunga vitanzi, nikavivuta viwe vifundo, na uzi wa ndani ukakatika kimya kimya. Wasikilizaji walipata kelele za nyoka kipindi chote cha kwanza. Fundi mitambo wetu, mzee wa maneno machache, hakunigombeza. Aliniketisha chini jioni ile akanifundisha kuviringisha waya, mzunguko mmoja kwa juu na unaofuata kwa chini, ili msokoto wa huu uufute wa ule. "Waya unakumbuka ulivyoulaza, mwanangu," aliniambia. Hakusema zaidi.

Basi Oktoba 2014 nilipopata nafasi ya kwenda Vermont kwa mafunzo mafupi ya watu wa redio, na mwisho wa juma wenyeji wetu wakatupeleka kwa mume na mke wakulima wa mepo, watu waliokwisha vuka miaka 60, nilijiona mtaalamu. Sikuona hata tone moja la utomvu, msimu ulikuwa bado miezi minne. Nilichokiona ni matayarisho, na nadhani nilipata bahati zaidi ya wanaokwenda Machi kulamba shira.

Walikuwa wanatandaza sehemu mpya. Kwanza waya wa chuma, wa jamii ya seng'enge laini isiyo na miiba, ulikazwa kutoka juu ya kilima hadi bondeni. Mteremko wake walikuwa wameupima: angalau mita 2 kwa kila mita 100, na hakuna mahali popote pa kubonyea. Bomba kuu, nene kama kidole gumba au zaidi, hufungwa kwenye waya huo. Kutoka kwenye bomba kuu mipira myembamba hupanda kwenda miti, ikipita mti hadi mti kwa kupinda kushoto na kulia, na kule kujikaza kwake ndiko kunakoishikilia. Kila mti unapata kipande chake kifupi kinachoshuka hadi tunduni. Wenyewe wana maneno matatu wanayoyarudia: mkazo, unyofu, mteremko.

Roli la bomba kuu lililazwa juu ya kigurudumu cha chuma kinachozunguka kama meza ya mfinyanzi. Mume alishika ncha akaanza kutembea. Mke alibaki kwenye kigurudumu, mkono mmoja ukikibania kama breki. Nilidhani kazi ya mume ndiyo kazi na ya mke ni ya kusimama tu. La hasha. Mama yule ndiye aliyekuwa anatandaza. Mume akijikwaa au akisimama ghafla, kigurudumu hakisimami; kinaendelea kuzunguka na kumwaga vitanzi vilivyolegea, na atakapoanza tena kuvuta vitanzi hivyo vitakazwa kuwa mikunjo. Kwa hiyo alikuwa anamtazama mumewe miguu, si mpira. Hata kamba zilizofunga roli hakuzikata zote mara moja. Alikata moja, akaacha mpira ukaliwe kidogo, ndipo akakata nyingine. Ukizikata zote, roli hufumuka kama springi.

Jambo jingine ni joto. Walikuwa wameyaacha maroli juani tangu asubuhi. Plastiki ya baridi ni kaidi, inashikilia umbo la roli na haitaki kunyooka, na ukiilazimisha inajikunja. Ndiyo maana wanaojua huitandaza kabla ya baridi kali, na walionaswa na theluji huweka roli ndani ya nyumba usiku kucha karibu na jiko.

Nikaomba na mimi nijaribu, mpira mwembamba. Nikaenda vizuri mita 60 hivi, nikiwa na roli mkononi na kulizungusha nilivyofundishwa na mzee wetu wa waya. Kisha ikaja kona ya mti mkubwa. Mkono ukawa mmoja, nikaliachia roli libebwe na bega, nikavuta. Vitanzi vitatu vilitoka kwa ubavu, na cha tatu kikalia "tik". Nilipokinyoosha palikuwa na mstari mweupe kwenye plastiki, mwembamba kama ukucha. Nikasema, si kitu, umenyooka. Mama yule akaja, akaushika, akatikisa kichwa.

Maelezo yake ndiyo jibu la kwa nini watu wazima wajali mstari mweupe wa nusu sentimita. Plastiki ikishapata kovu hilo itakunjika pale pale tena. Maji yatapungua kasi hapo, na usiku yataganda hapo kwanza, na asubuhi barafu ya hapo itakuwa ya mwisho kuyeyuka, huku miti yote iliyo juu yake inasubiri na jua linapanda. Maji yaliyosubiri yanapata joto na kuchacha. Na msimu wenyewe, nilikwambia, ni majuma sita au pungufu, na ndani yake siku za kudondoka sana huhesabiwa kwa vidole. Saa mbili za asubuhi moja nzuri ni fedha ya ada ya mjukuu.

Kisha kuna suala la kuvuja. Tangu miaka ya 1960 na 1970 wakulima walianza kufunga pampu za kufyonza chini ya mlima, na ufyonzaji mzuri waweza kukaribia kuongeza mavuno mara mbili. Lakini pampu haichagui. Penye ufa hufyonza hewa badala ya utomvu. Hivyo kila kiungo ni mahali pa mashaka, na dawa ya mkunjo ni kukata kipande na kuweka kiungo. Yaani kosa la kutandaza linalipwa mara mbili. Juu ya hayo kuna kindi, ambao sijui plastiki wameionea utamu gani, wanaitafuna kila mwaka. Msimu ukianza, wakulima hupita msituni mstari kwa mstari, hawatazami, wanasikiliza. Ufa hulia "ssss". Mzee yule aliniambia amezeeka masikio, kwa hiyo siku hizi mkewe hupita tena nyuma yake.

Utafiti haukusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kituo cha Underhill kilionyesha kwamba kwenye mlima mkali, mpira mwembamba zaidi, wa tundu la milimita 5 badala ya 8, hujifyonzea wenyewe bila pampu, kwa sababu nguzo ya maji iliyojaa ndani huvuta kwa uzito wake. Hiyo ni habari njema kwa mkulima mdogo asiye na umeme msituni. Bali mpira mwembamba unakunjika upesi zaidi, na mkunjo mmoja huikata nguzo ile.

Leo sehemu kubwa ya shira ya dunia, karibu asilimia 70, hutoka Quebec huko Kanada, na Vermont ndiyo inayoongoza Marekani. Ndoo bado zipo, hasa kwa wenye miti michache na kwa kuwafurahisha wageni. Zilizobaki kazini kweli kweli ni kilomita nyingi za mipira ambayo siku hizi hukaa miaka na miaka mitini bila kutolewa.

Sasa ndugu yangu wa Iringa. Kwa ulanzi sikushauri mpira. Ulanzi wako huanza kuchacha ukiwa bado unadondoka, na ndivyo unavyotakiwa. Ukiupitisha kwenye mita 100 za plastiki juani, utaosha mpira kila siku kuliko unavyogema. Lakini kwa bustani, toa roli lako juani saa moja, tafuta mti mfupi uuchomeke ardhini, upachike roli juu yake lizunguke, kisha mtafute mtu wa kulibania. Ukiwa peke yako, ifunge ncha kwenye bomba na utembee na roli mkononi ukirudi kinyumenyume, ukilizungusha. Usilivute kutoka ubavuni.

Kile kipande changu chenye mstari mweupe mama yule alikikata siku ile ile, urefu wa kidole, akaweka kiungo na kukikaza kwa maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai. Akakifunga kiungo kitambaa chekundu ili kijulikane. Machi iliyofuata walituandikia sisi wageni wao wa Oktoba kwamba utomvu umeanza. Mwishoni mwa ujumbe palikuwa na mstari wangu peke yangu: kitambaa chekundu kimesikilizwa mara mbili, na hakilii.